Historia ya Utambuzi wa Maradhi ya Bakteria wa Damu kwa Mifugo na Wanyamapori katika Ukanda wa Kingolwira, Morogoro, 1897–2022

1.0 Utangulizi

Kingolwira ipo mashariki mwa mji wa Morogoro, katika tambarare iliyo chini ya Milima ya Uluguru, mahali ambapo Reli ya Kati na barabara kuu ya Dar es Salaam hupita kwa kukaribiana. Katika eneo hilo dogo zimekusanyika historia kadhaa za matumizi ya ardhi: mashamba ya mkonge, shamba la gereza lililoanzishwa katika miaka ya 1930, mabwawa ya kituo cha taifa cha ukuzaji viumbe maji, na mashamba ya wakulima wadogo wanaotegemea mvua na maji ya Mto Ngerengere. Ng'ombe, mbuzi, nguruwe, mbwa na panya wanaishi humo pamoja na watu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kipo katika mji huohuo wa Morogoro, na upande wa magharibi ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230.

Insha hii inachunguza namna maradhi ya bakteria wa damu yalivyotambuliwa katika ukanda huo tangu mwisho wa karne ya 19. Maradhi yanayozungumziwa ni yale ambayo bakteria wake huingia na kuzunguka katika damu ya mnyama, ingawa njia zao za kuingia hutofautiana. Ndigana baridi na maji moyo huletwa na kupe. Homa ya papasi huletwa na papasi. Kimeta hutoka katika udongo na malisho. Na homa ya mgunda hupitia mkojo wa wanyama unaochafua maji na matope. Nagana na ndigana kali si maradhi ya bakteria, kwa kuwa husababishwa na protozoa. Hata hivyo hayawezi kuachwa nje kabisa, kwa sababu kwa muda mrefu yalichanganywa na yale ya bakteria, na mchanganyiko huo ni sehemu ya historia yenyewe.

Hoja kuu ya insha ni kwamba utambuzi wa maradhi haya haukufuata ukubwa wa madhara yake. Ulifuata umiliki. Damu ya mnyama mwenye mmiliki na bei ilipimwa kwanza, ya mnyama asiye na mmiliki ilipimwa baadaye, na homa ya mkulima aliyeishi kati ya wanyama hao ikaendelea kuitwa malaria. Madai haya yanajengwa juu ya vyanzo vya aina mbili: kumbukumbu za kisayansi zilizochapishwa, na majina ya maradhi katika Kiswahili. Majina hayo yanachukuliwa hapa kuwa ushahidi wa kihistoria unaostahili kusomwa kwa uzito ule ule wa ripoti ya maabara.

2.0 Majina kabla ya hadubini

Wafugaji wa Tanzania hutofautisha ndigana kali na ndigana baridi. Neno ndigana lina uhusiano na neno la Kimaasai oltikana, ambalo hutumika kwa ugonjwa ambao sayansi huuhusisha na kimelea Theileria parva. Ndigana kali huua hasa ndama: tezi huvimba, mnyama hupumua kwa shida, na povu huweza kumtoka puani. Ndigana baridi, ambayo kisababishi chake ni bakteria Anaplasma marginale, huwapata zaidi ng'ombe wakubwa. Mnyama hupata homa, hukosa nguvu, hufunga choo, na utando wa macho na fizi hupauka kisha kuwa wa manjano. Mkojo wake haugeuki mwekundu, na kwa dalili hiyo ugonjwa huu hutengwa na ule wa kukojoa damu.

Mgawanyo huo si wa kubahatisha. Umejengwa juu ya umri wa mnyama, mwendo wa ugonjwa, tezi, rangi ya utando na rangi ya mkojo. Hivi ni vigezo ambavyo daktari wa mifugo asiye na maabara huvitumia hadi leo. Jina maji moyo, kwa upande wake, limetokana na kile kinachoonekana baada ya mnyama kuchinjwa au kupasuliwa: mfuko wa moyo uliojaa maji. Jina kimeta nalo lina nafasi yake katika maisha ya kila siku, kwani linabeba onyo kwa mtu anayetaka kula nyama ya mnyama aliyekufa ghafla, ambaye damu yake nyeusi inamtoka bila kuganda.

Majina haya yana mipaka pia. Yanaeleza mnyama anayeugua, wala hayawezi kumweleza mnyama anayebeba ugonjwa bila dalili. Ng'ombe aliyepona ndigana baridi huweza kubaki na bakteria katika damu yake kwa maisha yake yote, huku akionekana mzima. Kwa mnyama wa aina hiyo jicho la mfugaji halikuwa na jina, na hapo ndipo hadubini ilipoongeza kitu kipya.

3.0 Njia ya misafara na makosa ya wataalamu

Robert Koch alifanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Miongoni mwa mambo aliyochunguza ni homa ya ng'ombe iliyokuwa ikijulikana kwa jina la homa ya Texas. Aliona vimelea vidogo ndani ya chembe nyekundu za damu, akadhani ni hatua changa ya kimelea cha homa hiyo. Baadaye, kazi ya Arnold Theiler huko Afrika Kusini ilionesha kuwa vimelea hivyo ni vya ugonjwa mwingine, ule ambao wafugaji wa Tanzania huuita ndigana kali.

Kosa la namna hiyohiyo lilikuwa limetokea Marekani. Mwaka 1893 Theobald Smith na Frederick Kilborne walieleza nukta ndogo zilizokuwa ukingoni mwa chembe nyekundu za ng'ombe wenye homa ya Texas, wakazihesabu kuwa sehemu ya maisha ya kimelea kilekile. Ilichukua hadi mwaka 1910 kwa Theiler kuzitenga nukta hizo na kuzipa jina la Anaplasma marginale. Hata yeye alizihesabu kuwa protozoa, na ni katika karne ya 20 iliyoendelea ndipo zilipokubaliwa kuwa bakteria. Kwa hiyo maradhi mawili ambayo lugha ya wafugaji huyatenga kwa sifa mbili, kali na baridi, yaliwachukua wataalamu wa hadubini miaka mingi kuyatenganisha. Ulinganisho huu haukusudiwi kumpandisha mfugaji na kumshusha mtaalamu. Unaonesha kuwa pande zote mbili zilianza na jina moja kwa mambo yanayofanana, kisha zikalazimika kugawanya, kila moja kwa vigezo vilivyokuwa mikononi mwake.

Vifaa vya ugawaji huo vina uhusiano na pwani ya Afrika Mashariki. Gustav Giemsa, ambaye rangi yake ya kutia kwenye damu bado inatumika katika maabara za wilaya, alikuwa mfamasia wa serikali ya Wajerumani katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1895 hadi 1898, kabla ya kukamilisha kazi yake huko Hamburg mwanzoni mwa karne ya 20.

Koch alirudi mwaka 1905, na safari hii uchunguzi wake ulipita Morogoro. Katika njia ya misafara kutoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, Kilosa na Iringa, alikusanya papasi katika vibanda ambamo wapagazi na wasafiri walilala. Ndani ya papasi hao aliona bakteria wa umbo la mzunguko wanaoleta homa ya kurudiarudia, na akawaona pia katika mayai yao. Maana yake ilikuwa nzito: papasi huweza kurithisha bakteria kwa kizazi kinachofuata bila kumnyonya mgonjwa mwingine. Karibu na wakati huohuo Philip Ross na Arthur Milne walikuwa wametoa taarifa kutoka Uganda mwaka 1904, na J. E. Dutton na J. L. Todd walikuwa wakifanya uchunguzi wao Kongo, ambako Dutton alifariki mwaka 1905. Bakteria huyo ana jina lake hadi leo, Borrelia duttonii.

Koch aliona pia kuwa wenyeji wa vijiji vyenye papasi hawakuugua kwa kiwango cha wageni, na akaeleza hali hiyo kwa kinga inayopatikana utotoni. Hapa pana jambo la kuzingatia katika historia ya utambuzi. Homa ya papasi ilichunguzwa kwa sababu iliwaangusha watu ambao msafara uliwahitaji: wasafiri wa Kizungu na wapagazi. Mtoto wa kijijini aliyeugua na kupona, au aliyeugua na kufa, aliingia katika maandishi kama maelezo ya kinga ya watu wazima. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, msafara wa miguu katika kipande hicho ulipungua, na hamu ya kuchunguza papasi wa vibanda ikapungua nao, ingawa papasi wenyewe walibaki ndani ya nyumba za udongo.

4.0 Shamba, gereza na josho

Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu udhibiti wa ikolojia na maendeleo ya uchumi katika historia ya Afrika Mashariki, alieleza kuwa sotoka ya miaka ya 1890, vita na njaa viliharibu uwiano uliokuwepo kati ya watu, mifugo na pori, na hivyo kuruhusu mbung'o kuenea. Ingawa wanahistoria wamejadiliana kuhusu upana wa dai hilo, linasaidia kuelewa tambarare ya Morogoro. Waluguru ni wakulima hasa. Mifugo ya milimani ni mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku zaidi kuliko ng'ombe. Ng'ombe wa tambarare aliingia katika kumbukumbu za kitaalamu kupitia taasisi: shamba la walowezi, shamba la serikali, shamba la gereza, na baadaye ranchi.

Kingolwira ni mfano unaofaa. Kambi yake ya wafungwa ilipangwa kuwa gereza la kilimo ambamo mfungwa hufanya kazi shambani badala ya kufungiwa ndani ya kuta. Majina ya magereza ya eneo hilo, likiwemo Mtego wa Simba, yanakumbusha kuwa mpaka kati ya shamba na pori ulikuwa karibu. Mifugo ya taasisi ya namna hiyo huhesabiwa, na kifo cha ng'ombe mmoja huandikiwa maelezo. Mbuzi wa Mluguru aliyekufa kwa maji moyo mlimani hakuwa na daftari la kuandikiwa.

Silaha kuu dhidi ya maradhi ya kupe ilikuwa josho. Kuogesha mifugo kulipunguza ndigana kali, ambayo ndiyo iliyoogopwa zaidi, na kwa kufanya hivyo kulibadilisha pia mwendo wa ndigana baridi. Ndama ana uwezo wa asili wa kustahimili Anaplasma katika miezi yake ya mwanzo. Akiambukizwa katika umri huo, mara nyingi hupona na kubaki na kinga. Ng'ombe aliyeogeshwa tangu kuzaliwa hukua bila kukutana na bakteria huyo. Josho likisimama kwa kukosa dawa, maji au fedha, hukutana naye akiwa mkubwa, wakati ugonjwa ni mkali. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa ng'ombe wa kigeni na machotara wa maziwa, ambao ndio taasisi na wafugaji wa mijini huwapendelea.

Tofauti kati ya kali na baridi ilipata uzito mpya dawa zilipofika. Ndigana baridi hutibiwa kwa oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji huiita OTC, kwa kuwa kisababishi chake ni bakteria. Ndigana kali huhitaji dawa nyingine, buparvakuoni, inayolenga protozoa na yenye bei kubwa zaidi. Mfugaji anayechoma OTC kwa kila homa humpoteza mnyama mwenye ndigana kali aliyekwisha kuugua, na wakati huohuo huzidisha matumizi ya antibiotiki pasipo sababu. Uainishaji uliokuwa suala la elimu ukawa suala la gharama na la usugu wa dawa.

5.0 Chuo kikuu na panya

Elimu ya juu ya kilimo mjini Morogoro ilianza na chuo cha kilimo mwaka 1965, kikafuatiwa na Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mafunzo ya udaktari wa mifugo yaliongezwa mwaka 1976, na SUA ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Kwa mara ya kwanza maabara, machinjio, mashamba na pori vilikuwa umbali wa saa chache kutoka kimoja hadi kingine, na wachunguzi wengi walikuwa Watanzania waliozijua homa hizo kwa majina yake ya nyumbani.

Hatua kubwa ilitoka kwa panya. Panya shamba, Mastomys natalensis, alianza kuchunguzwa SUA kwa sababu ya mahindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature, uliotumia takwimu za Morogoro, ulionesha namna mvua na msongamano wa panya wenyewe vinavyotawala ongezeko lao. Kutoka katika mradi huo wa wadudu na wanyama waharibifu, maswali ya maradhi yalifuata. Katika miaka ya 1990 watafiti wa SUA walianza kutafuta Leptospira kwa ng'ombe, panya na watu. Bakteria huyu hukaa katika damu siku za mwanzo za ugonjwa, kisha hujificha katika figo na kutoka kwa mkojo. Aina moja iliyopatikana kwa ng'ombe wa Morogoro ilipewa jina Sokoine, na sasa aina hiyo hutumika katika vipimo vya ugonjwa huu nchini.

Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya aina nyingine, iitwayo Kenya, iliyopatikana kwa panya buku waliokuwa wakifugwa Morogoro. Panya buku ndiye yule ambaye shirika la APOPO, lililohamishia kazi zake SUA mwaka 2000, limemfundisha kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mnyama aliyekuwa mwizi wa mazao akawa mtumishi wa taasisi, na kwa kupata mwenye kumtunza akapata pia daftari la afya. Mfano huu unaunga mkono hoja ya insha kwa njia ya moja kwa moja: damu ya mnyama husomwa pale mnyama anapoingia katika hesabu ya mtu.

6.0 Wanyamapori: damu inayosomwa baada ya kifo

Kwa wanyamapori hali imekuwa tofauti. Kimeta ndicho kilichowaingiza katika kumbukumbu, kwa sababu huua wengi kwa wakati mmoja na mizoga huonekana. Swala pala wa Hifadhi ya Ziwa Manyara walikufa kwa wingi mwaka 1984, na mwishoni mwa 2016 nyumbu walikufa katika eneo la Selela, wilayani Monduli. Maradhi yasiyoacha mizoga yalisubiri zaidi. Nyati na swala huweza kubeba bakteria wa maji moyo bila kuugua, na kupe hawajui mpaka wa hifadhi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka ikolojia ya Katavi na Rukwa ulipima kwa pamoja damu ya watu, ng'ombe, mbuzi, nyati, simba na panya. Alama za kinga dhidi ya Leptospira zilipatikana kwa takriban 30% ya watu, 30% ya ng'ombe na 29% ya nyati, na kwa takriban 20% ya panya. Alama hizo huonesha kukutana na bakteria wakati fulani, wala si ugonjwa wa wakati huo, na idadi ya nyati waliopimwa ilikuwa ndogo. Pamoja na tahadhari hizo, mpangilio wa utafiti una umuhimu wake kihistoria: mwenye shamba, ng'ombe wake na nyati wa porini waliwekwa katika jedwali moja.

7.0 Homa ya mgunda na swali la mkulima

Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliojitokeza wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ukiwa na homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, ulikuwa leptospirosisi. Wakati wa tangazo hilo wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Jina lililotumika kwa umma lilikuwa homa ya mgunda. Katika Kiluguru mgunda ni shamba, na neno hilo linapatikana pia katika lugha nyingine za Tanzania. Wajerumani nao waliwahi kuita aina moja ya ugonjwa huu homa ya shambani. Jina hilo linaelekeza mahali panapostahili: matope ya jaruba, kingo za mto, ghala lenye panya, mguu usio na kiatu.

Kabla ya jina hilo kutangazwa, homa ya shambani ilikuwa na jina jingine. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kati yao 528, sawa na 60.7%, walihesabiwa na waganga kuwa na malaria. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14 tu, yaani 1.6%. Kwa waliopimwa maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, yalipatikana kwa 26.2%, na leptospirosisi ilikuwa miongoni mwa yaliyoongoza. Moshi si Kingolwira, na takwimu hizo haziwezi kuhamishwa kama zilivyo. Hata hivyo mazingira yanafanana katika jambo la msingi: zahanati yenye kipimo cha haraka cha malaria na isiyo na kipimo cha Leptospira humrudisha mkulima nyumbani na jibu moja, au bila jibu.

Hapa ndipo uzito wa historia hii ulipo. Leptospirosisi, homa za kupe na homa ya papasi hutibika kwa antibiotiki zinazopatikana hata katika maduka ya dawa ya vijijini, mradi mgonjwa atambuliwe mapema. Mgonjwa anayecheleweshwa hafi kwa kukosa dawa iliyo ghali au iliyo mbali. Hufa kwa sababu swali kuhusu ng'ombe, panya na matope ya shamba lake halikuulizwa.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kuwa utambuzi wa maradhi ya bakteria wa damu katika ukanda wa Kingolwira ulipitia vituo vilivyopangwa na mahitaji ya wenye mamlaka au mali: msafara, shamba la taasisi, josho, mradi wa mahindi, na hatimaye panya aliyefundishwa kazi. Katika kila kituo kuna mnyama au mtu aliyebaki nje ya daftari, na mara nyingi ndiye aliyehifadhi bakteria au ndiye aliyeugua. Imeonesha pia kuwa majina ya Kiswahili, hasa ndigana kali na ndigana baridi, yamebeba uainishaji unaolingana na ule wa maabara katika mambo muhimu, na yameshindwa pale ambapo dalili hazionekani.

Kutokana na hoja hizi, mambo matatu yanastahili kufuatiliwa. Kwanza, kumbukumbu za mifugo za taasisi za Kingolwira na za machinjio ya Morogoro zihifadhiwe na kusomwa kama vyanzo vya historia ya afya ya binadamu. Pili, majina ya maradhi yanayotumiwa na Waluguru, Wamaasai na Waparakuyo wa Morogoro yakusanywe pamoja na dalili zinazotajwa, kabla hayajafunikwa na majina ya dawa. Tatu, uchunguzi wa damu ya panya, mbwa na wanyamapori usisubiri mizoga. Homa ya mgunda ilipata jina lake rasmi baada ya vifo. Bakteria wake, kwa ushahidi wa SUA, alikuwa amekwisha kutambuliwa kwa ng'ombe na panya wa Morogoro miongo miwili kabla ya hapo.